Kizazi Moto: Jina Letu, Sauti ya Wengine

Wahenga walisema moto huzaa majivu. Sisi wazee tunaipenda methali hii, maana inatupa nafasi ya kujihesabu kuwa moto na kuwahesabu vijana kuwa majivu. Tarehe 5 Julai 2023 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa, kwa njia ya mtandao wake, filamu ya katuni ambayo jina lake linaipinga methali hiyo waziwazi. Inaitwa Kizazi Moto.

Ni mkusanyiko wa filamu fupi kumi, kila moja ikichukua kama dakika kumi. Kazi hiyo iliongozwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, na miongoni mwa wasimamizi wake wakuu ni Mmarekani Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018. Hadithi tano zimetoka Afrika Kusini, na nyingine moja moja kutoka Zimbabwe, Uganda, Kenya, Nigeria na Misri. Zote zinahusu Afrika ya kesho: mashine, safari za anga, miji ya ajabu, na katikati ya hayo yote, mizimu na miungu ya jana.

Wako watu wazima wanaoamini kwamba katuni ni kitu cha kuwatuliza watoto wakati mama anapika. Hao wakumbuke kwamba mkusanyiko wa namna hii una historia yake. Mwaka 1981 huko Kanada ilitolewa filamu iitwayo Heavy Metal, ya hadithi za sayansi ya kubuni na njozi, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima tu, na imejaa damu na uchi. Hadithi zake zimefungwa kwa uzi mmoja: tufe la kijani lililobeba uovu, ambalo linamsimulia na kumtisha msichana mdogo. Kizazi Moto haina tufe, na mtazamaji wa haraka anaweza kudhani kwamba hadithi zake zimekusanywa kama abiria katika basi, kila mmoja na safari yake. Mimi naona uzi upo. Karibu katika kila hadithi yumo kijana, na nyuma yake yumo mzazi, au mhenga, au mzimu, aliyeshika kitu ambacho kijana anakihitaji. Swali linalorudi tena na tena ni hili: atakikabidhi lini, na kwa gharama gani?

Chukua Enkai, ya mwongozaji wa Kenya Ng'endo Mukii. Jina hilo ni la Mungu kwa Kimaasai. Hapo tunamwona binti wa kiungu anayejifunza kuumba, na mama anayejichosha kwa ajili ya dunia ambayo wanadamu wanaiharibu. Mama ana kazi kubwa na njema, lakini mtoto amebaki peke yake akimsubiri. Sisi tuliotumia maisha yetu kulea watoto wa watu wengine tunalifahamu jambo hilo bila kufafanuliwa.

Moremi, ya Mnigeria Shofela Coker, inakwenda mbali zaidi. Masimulizi ya Wayoruba wa Ile-Ife yanamsifu Moremi kwa kumtoa mwanawe sadaka ili kuiokoa nchi. Filamu imemfanya mama huyo kuwa mwanasayansi wa siku zijazo, kisha ikafanya jambo ambalo masimulizi ya kale aghalabu hayafanyi: ikamtazama mtoto, ambaye sasa ni roho iliyo katika upweke. Taifa lilipona, je, yule aliyelipiwa gharama? Kwangu mimi hii ndiyo hadithi nzito kuliko zote kumi.

Raymond Malinga wa Uganda, katika Herderboy, anatupeleka katika ufalme wa Wachwezi ambamo wachungaji wa ng'ombe wana viungo vya mashine, na kijana mmoja anatamani kuhesabiwa miongoni mwao. Wachwezi ni watawala wa kale wa Kitara ambao masimulizi yanasema walitoweka wakawa mizimu. Sifa yao ilifika hadi huku kwetu magharibi, ambako Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa na chama cha Waswezi. Uzuri wa filamu hii ni kwamba mashine haikumfukuza ng'ombe. Mchungaji wa kesho bado ni mchungaji, na mali anayoilinda bado ndiyo mali.

Mukudzei, ya Wazimbabwe Pious Nyenyewa na Tafadzwa Hove, ina wazo zuri kuliko nafasi iliyopewa. Kijana apendaye sifa za mtandaoni anakwenda kuchafua kwa rangi magofu ya Zimbabwe Kuu, mara anajikuta katika Zimbabwe nyingine ambayo haikutawaliwa na wakoloni kamwe. Hapo nilikaa vizuri kitini. Lakini dakika kumi hazikutosha kutuonyesha nchi hiyo ilijitawala vipi, iligawa ardhi vipi, wala ilisomesha watoto wake kwa lugha gani. Upungufu huu unazikumba karibu hadithi zote: zinafungua mlango, tunaona mwanga ndani, mlango unafungwa.

Swali la lugha ya kusomeshea linanirudisha kwenye jina la filamu. Baadhi ya walimu wenzangu wamelalamika kwamba lingepaswa kuwa "Kizazi cha Moto". Siungani nao. Hapa mkoani Katavi tuna Maji Moto, kule Mpimbwe, na hakuna aliyewahi kudai kwamba kijiji kiongezewe "ya". Jina ni Kiswahili safi, na hata moja ya filamu za Afrika Kusini imeitwa Hatima, neno letu pia.

Tatizo ni lile linalofuata baada ya jina. Mazungumzo ya filamu kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, yakikolezwa hapa na pale na maneno ya lugha za Kiafrika. Hapa Ilembo niliitazama pamoja na wajukuu. Walipoliona jina kwenye kioo walilisoma kwa sauti kubwa na kwa furaha, kwa kuwa ni lao. Baada ya hapo mdogo wao, aliyekuwa darasa la tatu, alianza kuniuliza, "Babu, anasemaje?" Nilitafsiri hadithi tatu, na ya nne akasinzia. Mtoto aliyekaribishwa mlangoni kwa lugha yake hakuandaliwa kiti ndani.

Najua hoja ya upande wa pili. Kiingereza kinaunganisha mtazamaji wa Lagos na wa Harare, na fedha zilikuwa za Disney. Hoja hiyo ina uzito. Lakini filamu inayofundisha kwamba mzee asipokabidhi alichonacho kijana hupotea, yenyewe imekabidhi jina bila lugha. Hata hivyo lawama zote zisipelekwe Marekani. Miongoni mwa waongozaji wa filamu zile kumi hamna Mtanzania, na si kwa sababu Kiswahili hakiwezi mambo hayo. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa pwani ya Kenya alichapisha Walenisi, riwaya ambayo mhusika wake anasafirishwa kwa chombo cha angani hadi nchi nyingine kabisa. Na tangu mwaka 2014 Ubongo Kids ya Dar es Salaam imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili, tena wakielewa bila babu wa kutafsiri.

Hadithi nazo zipo. Mkoa wetu una jina la Katabi, mwindaji wa kale ambaye wenyeji wanasema mzimu wake unakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wapitao huacha sadaka chini yake. Namwona kijana mmoja wa hapa Mpanda akimchora Katabi wa miaka mia ijayo, ziwa likiwa limekauka na viboko wamekwisha, mwindaji akiulizwa alikuwa akilinda nini muda wote huo. Kijana huyo atahitaji kompyuta, mafunzo na fedha, mambo ambayo sina. Atahitaji pia mtu wa kumsimulia habari za Katabi kwa ukamilifu, kwa Kiswahili, au kwa Kibende na Kipimbwe. Hilo sisi wazee tunaliweza, nalo tulifanye kabla hatujawaita vijana majivu.