Bei ya Umeme Kampala Haitoki Majini

Mto Nile hautozi senti kwa maji yanayozungusha mitambo ya Jinja. Isitoshe, mitambo ya Uganda ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, kiasi kinachozidi kwa mbali mahitaji ya nchi hata saa za jioni. Mbona basi mnunuzi wa Yaka, umeme wa kulipia kabla, haoni bei ikiporomoka?

Jibu limo kwenye mikataba. Tangu shirika la umeme la taifa, UEB, livunjwe mwaka 2001, kampuni ya serikali ya usafirishaji umeme, UETCL, ndiyo hununua umeme wa mabwawa na kumuuzia msambazaji mkuu: kampuni binafsi ya Umeme kuanzia 2005, na UEDCL ya serikali tangu Aprili 2025. Hakuna mnada wa kila siku kama wa Skandinavia. Kila bwawa lina bei ya mkataba wake. Mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA, huzijumlisha, huongeza gharama za nyaya na upotevu, kisha kila robo mwaka hurekebisha kwa kufuata thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta.

Tazama bwawa la Bujagali, megawati 250, lililokamilika 2012 kwa mtaji binafsi na mikopo ya dola. UETCL hulilipia utayari wa kuzalisha, hata umeme usipohitajika wote. Mwaka 2018 wakopeshaji, wakiwemo IFC ya Kundi la Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, walikubali deni lake lipangwe upya. Muda wa kulipa ukarefushwa, kodi ya mapato ya kampuni ikasamehewa kwa muda, na bei ikakusudiwa kushuka kutoka takriban senti 13.8 za dola hadi 8.3 kwa uniti. Maji yalibaki yale yale. Mzigo nao haukufutika: sehemu ilisogezwa miaka ya mbele, sehemu ikabebwa na hazina.

Maji huamua bei pale yanapokosekana. Kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka mwaka 2006, majenereta ya dizeli yalikodiwa, na bei ikapanda.

Leo tatizo limegeuka. Bwawa la Karuma, megawati 600, lililozinduliwa Septemba 2024, limeongeza ziada, na deni lake halilali saa tisa usiku Kampala inapolala. Ndipo jirani anapohitajika: senti yoyote atakayolipa kwa umeme ambao ungepotea hupunguza mzigo wa wateja wa ndani. Uganda imeiuzia Kenya umeme tangu miaka ya 1950, lakini biashara ya kanda, licha ya muungano wa umeme wa Afrika Mashariki, EAPP, kuundwa 2005, bado inategemea zaidi mikataba ya nchi mbili mbili. Na Kenya haina muuzaji mmoja tena: tangu 2022 inanunua kutoka Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25.

Kwa hiyo bwawa jipya likitangazwa, megawati zisitutoshe. Tuulize deni litalipwa kwa miaka mingapi, kwa riba gani, na ni jirani yupi amekwisha kutia saini kununua ziada.