Task Manager: programu iliyojengwa kufunguka wakati kila kitu kimeganda

Programu nyingi huandikwa kwa kudhani kwamba kompyuta ni nzima. Task Manager iliandikwa kwa dhana ya kinyume chake: anayeiita yuko taabani, RAM imejaa, kipanya kinasuasua, na dirisha la kazi yake halisikii. Dave Plummer, mhandisi wa Microsoft aliyetokea Canada, aliianza kama kazi ya pembeni nyumbani kwake, kisha kampuni ikaipokea na kuiweka kwenye Windows NT 4.0 iliyotoka mwaka 1996. Kwa maelezo yake mwenyewe, toleo lile lilikuwa na ukubwa wa kama kilobaiti 85. Picha moja ya WhatsApp huzidi hapo. Udogo huo ulikuwa na maana, kwani programu inayoitwa wakati kumbukumbu imekwisha haina haki ya kudai kumbukumbu nyingi.

Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, amri haipitii kwenye menyu ya Start. Inapokelewa na Winlogon, sehemu ileile inayosimamia mtumiaji kuingia na kutoka, na ndiyo maana Task Manager hufunguka hata pale aikoni zote zimetoweka na skrini imebaki rangi tupu. Kabla ya kujionyesha, nakala mpya hutazama kama kuna nyingine iliyokwisha kufunguliwa. Hapa ndipo ninapoona ufundi wa mtu huyu. Programu nyingi zinazokataa kufunguka mara mbili zikimkuta mwenzao yupo hujiondokea, bila kujali kama mwenzao huyo ni mzima au ni maiti. Task Manager humtumia mwenzake ujumbe na kusubiri. Akijibu, nakala mpya inajifunga na kumwachia nafasi. Zikipita sekunde 10 kimya, inamhesabu ameganda na inafunguka yenyewe. Na kama rasilimali hazitoshi kujenga kurasa zote, huleta ukurasa wa michakato peke yake, kwa sababu ndio unaohitajika ili kuua. Mwandishi hakuiamini hata kazi ya mkono wake, na kwa programu ya aina hii huo ndio msimamo sahihi.

Sasa safu ya CPU, ambayo kila mtu huitazama na wachache huielewa. Hakuna mahali popote ndani ya kompyuta palipoandikwa kwamba programu fulani inatumia asilimia 12 ya prosesa. Kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya Windows, inatunza jumla tu: tangu mchakato uzaliwe, umekaa kwenye prosesa kwa muda gani, kwa vipimo vya nanosekunde 100. Task Manager inafanya kazi ya msoma mita wa maji. Inasoma, inasubiri, inasoma tena, inatoa. Chukua programu ya kuhariri video iliyosomwa ikiwa na milisekunde 41,200, na sekunde moja baadaye ikakutwa na 41,700. Imetumia 500. Kompyuta yenye viini vinne ilikuwa na milisekunde 4,000 za kugawa katika sekunde hiyo, basi jibu ni asilimia 12.5. Programu ya top kwenye Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, ingeandika 50 kwa kazi hiyohiyo, maana yenyewe inagawanya kwa kiini kimoja. Zote mbili zimesema kweli.

Hapo pia ndipo penye jibu la swali ambalo mafundi wamechoka kuulizwa: hii System Idle Process inayokula asilimia 97 ni kirusi gani? Si programu hata kidogo. Ni fungu ambalo kerneli huandikia muda ambao viini havikuwa na kazi. Namba yake ikiwa kubwa, kompyuta imepumzika.

Hesabu ya kutoa ina shida zake. Mafungu yote yakijumlishwa sharti yafike 100, lakini Plummer amesimulia kwamba watu walikuwa wakimletea malalamiko ya jumla iliyozidi hapo, na lawama zote zikimwangukia yeye. Akatega mtego ndani ya msimbo: jumla ikizidi, programu isimame na kutoa namba ya simu ya nyumbani kwake. Mwishowe kosa likaonekana liko kwenye hesabu za kerneli.

Upofu mwingine hauna dawa kwa njia hii. Mchakato ukizaliwa na kufa katikati ya usomaji wa kwanza na wa pili, haukuwahi kuwapo. Ndiyo maana wakati mwingine feni inavuma na grafu iko juu, lakini kwenye orodha huoni mla. Labda kuna hati ya amri inayozindua vijiprogramu mamia kwa mamia, kila kimoja kikiishi sehemu ndogo tu ya sekunde. Anayetaka kuvikamata hana budi kuacha kusoma mita na kuanza kuandika matukio, kila kuzaliwa na kila kufa, na hiyo ni kazi ya Process Monitor.

Kisha Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft ikabadilisha kipimo chenyewe. Kwenye kurasa za mbele namba ilianza kuzingatia mwendo wa prosesa. Prosesa yenye kasi rasmi ya gigahazi 2, ikikimbia kwa gigahazi 3 nusu ya muda na kulala nusu nyingine, ilihesabiwa kuwa imefanya kazi asilimia 75. Ukurasa wa Details ukaendelea na hesabu ya zamani na kuandika 50. Dirisha moja, kompyuta moja, namba mbili! Hoja ya wahandisi ilikuwa na mantiki, lakini kuziweka namba hizo mlango kwa mlango bila maelezo lilikuwa kosa, na lilidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2025, kwenye Windows 11, kurasa zote zilirudishwa kwenye kipimo kimoja.

Kuangalia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuua, na hapo toleo la zamani lilikuwa wazi kuliko la leo. Lilikuwa na vichupo viwili vya kuulia. Kwenye Applications, End Task iliiomba programu ifunge dirisha lake, sawa na wewe kubofya alama ya X. Programu iliweza kuuliza kama unataka kuhifadhi kazi. Kwenye Processes, End Process haikuomba chochote. Kerneli inaukata uzi wa mchakato palepale, inafunga faili ulizozishika, inarudisha kumbukumbu. Kama faili ilikuwa imeandikwa nusu, itabaki nusu. Tofauti hiyo ilionekana kwa macho, na aliyeharibu kazi yake alijua amebofya wapi.

Kulikuwa na michakato isiyouawa, kwa sababu kuua csrss.exe ni kuiangusha Windows nzima. Task Manager ya Windows XP iliikinga kwa njia ya mkato mno: ilitazama jina. Ukichagua mchakato unaoitwa winlogon.exe au lsass.exe, inakujibu kwamba huo ni mchakato nyeti wa mfumo na haiwezi kuufunga. Haikuuliza faili imetoka folda gani. Waandishi wa virusi wakaliona pengo hilo. Brontok, kirusi kutoka Indonesia kilichoanza kusambaa mwaka 2005, kilijinakili kwenye folda za mtumiaji kwa majina hayohayo: services.exe, lsass.exe, winlogon.exe. Fundi anamwona mwizi, anataka kumkamata, na askari anamkingia kifua. Virusi vingine havikujisumbua hata na hilo. Viliandika thamani moja tu kwenye rejista, DisableTaskMgr, na mwenye kompyuta yake mwenyewe akaambiwa kwamba msimamizi ameizima Task Manager.

Ndipo Process Explorer, zana nyingine ya kuangalia michakato, ilipojipatia jina. Mark Russinovich na Bryce Cogswell walikuwa wakiitoa bure pamoja na zana zao nyingine kupitia Sysinternals, kisha Microsoft ikawanunua mwaka 2006. Ni faili moja, haihitaji kusakinishwa, inakaa kwenye fleshi. Inapanga michakato kwa ukoo, mzazi juu na watoto chini yake, kwa hiyo lsass.exe iliyozaliwa mahali pasipofaa inajitokeza mara moja. Inaonyesha njia kamili ya faili, na inaweza kukagua sahihi ya kampuni iliyoitengeneza. Jina pekee halimtoshi mtu yeyote humo.

Uwezo wake ninaoupenda zaidi hauhusu virusi. Umejaribu kufuta faili, Windows inakataa, inasema inatumiwa na programu nyingine, na haisemi ipi. Kwenye Process Explorer unabonyeza Ctrl na F, unaandika jina la faili, unaletewa mchakato ulioishika. Unaweza hata kuifungua mikono hiyo kwa nguvu kwa kuchagua Close Handle, na wengi hufanya hivyo bila kusoma onyo. Programu iliyonyang'anywa haijui kwamba imenyang'anywa. Inaendelea kutumia namba ileile ya mshiko, na kerneli, ambayo hurudia namba zilizo huru, inaweza kuwa imeshaigawa kwa faili nyingine ya programu hiyohiyo. Maandishi yaliyokusudiwa faili ya kwanza yanaingia kwenye ya pili, bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Kama programu yenyewe bado inafungika kwa utaratibu, ifunge hiyo, na mshiko utaachiwa wenyewe.