Boeing 757 na kasoro ya mizani

Jioni ya tarehe 15 Desemba 1993, jeti ndogo ya kukodi aina ya Westwind ilikuwa ikikaribia kutua Santa Ana, California, nyuma ya Boeing 757. Ghafla ikabingirika na kuanguka, na watu wote 5 waliokuwamo wakafa. Mwaka mmoja kabla, Desemba 1992, jeti ndogo ya Citation iliyoifuata 757 nyingine ilianguka vivyo hivyo huko Billings, Montana, ikaua watu 8.

Adui hakuonekana. Bawa linapoibeba ndege, hewa yenye shinikizo kubwa chini yake hukimbilia juu kwa kupitia ncha na kuviringika. Kila ndege huacha nyuma vimbunga viwili vinavyoshuka mamia ya futi chini ya njia iliyopita. Ndege ikiwa nzito na mwendo wake mdogo, vimbunga hivyo huwa vikali zaidi.

Ndiyo maana ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huzipanga ndege kwa uzito wa juu unaoruhusiwa wakati wa kuruka: nyepesi haizidi kilo 7,000, nzito huanzia kilo 136,000, na katikati ya hapo ni za kati. Marekani nayo wakati huo ilianza kuhesabu ndege nzito kwenye pauni 300,000, yaani kilo zile zile 136,000. Boeing 757 ya kilo 115,000 hivi haikufika huko. Kwa hiyo ikawekwa kundi moja na Westwind isiyofikisha hata kilo 11,000!

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walikuta kwamba Westwind ilikuwa maili 2.1 za baharini nyuma ya 757 na takriban futi 400 chini ya njia yake, pale hasa vimbunga vinaposhukia. Marubani walikuwa wakijipimia umbali kwa macho, na kanuni haikumlazimu mwongoza ndege kuwatajia kwamba iliyotangulia ni 757.

Marekebisho yalifuata. Mwaka 1994 waongoza ndege walitakiwa kuwaonya wanaoifuata 757 na kuongeza nafasi. Mwaka 1996 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilishusha kiwango cha ndege nzito hadi pauni 255,000, na 757 ikawekewa masharti yake yenyewe.

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa katika uwanja wa ndege wa Memphis, Marekani, mwaka 2012. Makundi mapya sita ya ndege yalianza kutumika, yakizingatia pia upana wa mbawa na uwezo wa ndege inayofuata kuhimili msukosuko. Baadhi ya ndege sasa husogeleana zaidi kuliko zamani. Nyingine zimeongezewa umbali.