Walifunga kwanza, majibu yakaja miaka kumi baadaye

Onyo dogo kabla hatujaanza: leo tunazungumzia watu waliohukumiwa kwa kubaka na kuwadhuru watoto. Hakuna maelezo ya matukio yenyewe, lakini kama mada hii inakugusa kwa karibu, ruka tu makala hii. Tutakuona wiki ijayo.

Haya, swali. Mfungwa wa kosa la ngono amebakiza miaka miwili gerezani. Atatoka, upende usipende. Je, ungekubali kodi yako itumike kumtibu kwenye wodi maalumu kabla hajarudi mtaani?

Wengi ninaowauliza hujibu haraka sana. Wengine wanasema hapana, mtu wa hivyo habadiliki. Wengine wanasema ndiyo, binadamu yeyote akisaidiwa hubadilika. Ukiwauliza wamejuaje, wote wananyamaza. Ndiyo maana nataka nikupeleke California, ambako serikali iliwahi kulifanya swali hili kuwa jaribio la kisayansi, kisha wodi ikafungwa kabla jibu halijakamilika.

Kilichofanyika

Mwaka 1981 Bunge la California lilifuta sheria ya zamani iliyokuwa inawapeleka baadhi ya wahalifu wa ngono hospitali badala ya gerezani. Utaratibu mpya ukawa: kifungo kwanza, tiba mwishoni, na ni kwa anayejitolea mwenyewe. Kisha wabunge wakaweka sharti ambalo mimi hadi leo linanifurahisha: tiba hiyo ipimwe kwa jaribio lililopangwa vizuri.

Mradi uliotokana na hapo unajulikana kwa kifupi chake, SOTEP. Uliendeshwa kuanzia 1985 hadi 1995 katika Hospitali ya Atascadero, hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili yenye ulinzi mkali. Upande wa utafiti uliongozwa na mwanasaikolojia Janice Marques.

Mpango ulikuwa hivi. Chukua wafungwa waliojitolea. Wapange wawili wawili wanaofanana kwa umri, rekodi ya uhalifu na aina ya kosa. Halafu, kwa bahati nasibu, mmoja aende wodini na mwenzake abaki gerezani kama kawaida. Ongeza kundi la tatu: waliokuwa na sifa za kuingia lakini hawakutaka. Waliotibiwa walikaa wodini miaka miwili hivi, na baada ya kutoka wakafuatiliwa mwaka mmoja uraiani.

Kwa nini bahati nasibu? Fikiria unataka kujua kama mbolea mpya inafaa. Ukiiweka kwenye shamba lenye rutuba na kulinganisha na shamba la changarawe, utavuna mahindi mengi lakini hutajua sifa ni ya mbolea au ya udongo. Kwa binadamu, "udongo" ni nia ya kubadilika, familia inayokusubiri, umri, pombe. Bahati nasibu inagawa mambo hayo pande zote mbili, hata yale ambayo hukuwahi kuyafikiria.

Tiba yenyewe ilikopwa kutoka kwa wataalamu wa ulevi. Mtu anafundishwa kuzitambua hatua zinazomsogeza kwenye kosa (upweke, hasira, kuanza kuzurura karibu na shule) na kukatisha safari mapema.

Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2005. Washiriki walikuwa 704. Waliorudia kosa la ngono katika kundi la tiba walikuwa asilimia 22. Katika kundi la waliojitolea wakabaki gerezani, asilimia 20. Kwa wale ambao hawakutaka, asilimia 19. Tofauti hizo ni ndogo mno kusema lolote. Kwa lugha rahisi, tiba haikuonyesha faida.

Kosa langu

Sasa nikiri. Nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili niliwasilisha mfano huu darasani kwa mbwembwe. Slaidi yangu ya mwisho ilisema: "California walifunga wodi kwa sababu tiba haifanyi kazi." Mwalimu wetu wa takwimu akaniuliza kitu kimoja tu: "Wodi ilifungwa mwaka gani, na matokeo yalitoka mwaka gani?"

1995. 2005. Nikakaa chini.

Kosa langu ndilo kosa la mjadala mzima. Kufungwa kwa wodi kunatajwa kama ushahidi, wakati ushahidi wa mwisho ulikuja miaka kumi baada ya kufunga. Na hata ushahidi huo hausemi nilichodhani. Kila kundi lilikuwa na watu mia mbili na kitu. Kwa idadi hiyo, tofauti ya asilimia 22 na 20 inaweza kuficha ukweli wowote kuanzia punguzo la pointi kama 5 hadi ongezeko la pointi kama 9. "Hatukuona faida" na "tumeona hakuna faida" ni sentensi mbili tofauti kabisa, na mimi nilizichanganya mbele ya watu thelathini.

Lakini watetezi wa tiba nao wasicheke. Wao hupenda kusema: waangalieni waliofikia malengo ya tiba, hao walirudia makosa kidogo zaidi! Ni kweli, Marques na wenzake waliliona hilo, na wenyewe walilichukulia kwa tahadhari. Ila ni kama mwenye kituo cha tuisheni anayetangaza kwamba wanafunzi waliomaliza mazoezi yote walifaulu. Bila shaka walifaulu. Hao wangefaulu hata bila yeye.

Kilichonikera zaidi

Mwaka ule ule wa 1995, California ilipitisha sheria nyingine iliyoanza kutumika Januari 1996. Inaruhusu mtu aliyemaliza kifungo chake kuendelea kuzuiwa hospitalini akionekana bado ni hatari. Mwanzoni mahakama ilipitia upya kila miaka miwili. Mwaka 2006 muda ukawa hauna kikomo. Mwaka 2005, mwaka ule ule wa matokeo ya SOTEP, ikafunguliwa hospitali nzima ya Coalinga, yenye nafasi 1,500, kwa ajili ya watu hao hasa. Wengi wao wamekataa kushiriki tiba, sababu moja ikiwa kwamba wanayoyasema kwenye vikao yanaweza kutumika mahakamani dhidi yao.

Linganisha. Wodi ndogo, iliyopimwa kwa bahati nasibu, ikafungwa. Taasisi kubwa ikajengwa, na safari hii hakuna aliyepigiwa bahati nasibu wala kundi la kulinganisha nalo. Utasema, lakini watu wamezuiwa, hawawezi kudhuru mtu nje. Sawa, kwa hao waliomo ndani. Ila idadi kubwa ya wafungwa wa makosa haya hawapelekwi Coalinga. Wanamaliza kifungo na kurudi nyumbani, na swali letu la mwanzo liko palepale.

Kufunga si dhambi

Usinielewe vibaya. Kuna wakati kufunga ndiyo uamuzi sahihi. Uingereza na Wales walikuwa na programu yao ya vikundi gerezani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tathmini ya Wizara ya Sheria iliyotolewa 2017 iliwalinganisha wafungwa 2,562 waliopitia programu na 13,219 ambao hawakupitia, kwa wastani wa miaka 8.2. Waliorudia kosa la ngono walikuwa asilimia 10 kwa waliotibiwa, na 8 kwa wengine. Haikuwa bahati nasibu, kwa hiyo lile swali la udongo linabaki, lakini ishara ilikuwa mbaya kiasi cha kuiondoa programu mwaka huo huo na kuweka nyingine. Kinachoniuma ni kwamba robo karne ilipita kabla ya kipimo cha ukubwa huo, na huko nje kuna watoto na wanawake ambao usalama wao ulitegemea jibu.

Na je, tiba inafaa au haifai? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulioongozwa na Theresa Gannon, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta asilimia 9.5 ya waliotibiwa walirudia kosa la ngono, dhidi ya 14.1 ya ambao hawakutibiwa. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale mwanasaikolojia mwenye sifa alipokuwepo muda wote. Tafiti nyingi humo si za bahati nasibu, kwa hiyo usishangilie sana. Ila zinatuonyesha kwamba neno "tiba" linabeba vitu vingi. Wodi ya 1985 ilijibu kuhusu tiba ya 1985.

Kwa hiyo siku ukisikia kituo cha aina hii kinafungwa, popote pale, usianze na kushangilia wala kulalamika. Uliza kililinganishwa na nini, waliolinganishwa walichaguliwaje, na ni kitu gani kinawekwa mahali pake. Kisha uliza la mwalimu wangu: uamuzi ulifanyika mwaka gani, na matokeo yalitoka mwaka gani? Mimi slaidi ile sijaifuta. Ninaionyesha kila mwaka kwa wanaoanza.