Ukuta wa Berlin Haukuwa Ukuta

Tangu Vladimir Kramnik amvue Garry Kasparov taji la dunia la sataranji jijini London mwaka 2000, Ulinzi wa Berlin alioutumia kwa kete nyeusi umebandikwa jina la ukuta. Jina hilo linapotosha. Ukuta husubiri kushambuliwa, ilhali Kramnik alimhamisha mpinzani wake kutoka kwenye uwanja anaoupenda. Tazama hatua ya 8 ya mchezo wa kwanza. Malkia wote wawili wametoka ubaoni, na mfalme mweusi, aliyelazimika kumla malkia wa Kasparov, hawezi tena kujificha nyuma ya ngome. Isitoshe, askari wawili wa Nyeusi wamepangana kwenye safu ya c. Zikibadilishwa kete zote wakabaki wafalme na askari, Nyeupe ina askari 4 dhidi ya 3 upande wa mfalme, na kwa kawaida inashinda.

Pingamizi hilo ni zito, lakini jibu lake limo katika rangi ya miraba. Ili kuwaharibu askari wa Nyeusi, Nyeupe ilimtoa askofu wake wa miraba myeupe. Kisha askari wake akasonga hadi e5, mraba mweusi, akamzibia njia askofu pekee aliyebaki na kuuacha mraba wa f5 kwa farasi wa Nyeusi. Maaskofu wote wawili wa Nyeusi wako hai. Mfalme wake yuko katikati, ndiyo, ila bila malkia ni nani wa kumtesa? Kasparov alikuwa hatari mno pale malkia walipokuwa ubaoni na maandalizi ya nyumbani yanafyatuka. Kramnik, aliyemsaidia katika pambano la 1995 dhidi ya Viswanathan Anand, aliyajua maandalizi hayo kwa karibu.

Wengine husema Berlin haikushinda kitu: michezo yake minne, wa 1, 3, 9 na 13, yote ilikuwa sare, na Kramnik alishinda wa 2 na wa 10 akiwa na kete nyeupe. Ni kweli, lakini hesabu hiyo inasahau kuwa Kasparov alianza na nyeupe mara 8 na hakushinda hata mara moja. Nusu ya nafasi hizo zilimezwa na ufunguzi huu. Alijaribu kuukwepa kwa kuanza na c4 katika mchezo wa 5 na wa 7, akaambulia sare. Katika mchezo wa 13, akiwa nyuma kwa pointi mbili, aliirudia Berlin na kukubali sare baada ya hatua 14.