Kilichoiua Injini ya Canter

Ukishuka Mtaa wa Msimbazi kuelekea Gerezani unaweza kununua injini nzima vipande vipande: pistoni, ringi, beringi, gasketi, nozo. Muuzaji anataka jina tu. Taja 4D33, boksi zinapangwa kaunta, zote standadi. Ovaholi nyingi za gereji bubu huanzia hapo kaunta, na hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Ninayoichambua hapa ilifanyika uani kwa watu, Mchikichini, cheni bloki ikiwa imefungwa kwenye mwembe. Gari ni Mitsubishi Canter ya kubebea mchanga. Injini yake 4D33 ina silinda nne, kila moja kipenyo cha 108 mm na mwendo wa pistoni wa 115 mm. Jumla yake lita 4.2. Ilikuwa inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na ukifungua kifuniko cha oili inakupulizia usoni. Moshi mweusi ungemfanya fundi aanze na nozo na pampu. Wa buluu ulimwelekeza kwenye ringi.

Hakununua kitu. Alivua hedi, akatoa krenki, akapima. Kila silinda ilipimwa juu, katikati na chini, mara moja kwa kufuata urefu wa krenki na mara nyingine kwa kuukatisha, maana silinda hailiki duara. Huliwa zaidi upande ule pistoni inapoegemea. Zote nne zilikuwa zimeliwa juu, pale ringi ya kwanza inapogeuzia, na chini hazikuguswa sana. Beringi za krenki nazo zilikuwa nzima. Vumbi likiwa ndani ya oili, beringi hutangulia kuchakaa. Likiingia na hewa, hukutana kwanza na ringi ya juu. Basi hapa mlango ulikuwa wa hewa. Alipofuata bomba la hewa akakuta mpira ulio baada ya filta umepasuka upande wa chini, na mtu aliwahi kuuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Filta yenyewe ilikuwa mpya! Gari linashinda machimboni, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha bloku. Bila kubadilisha mpira ule, ringi mpya zingekwenda njia ile ile.

Baada ya hapo ndipo Gerezani, tena kwa mpangilio. Silinda zilihitaji kuchongwa kufikia ovasaizi ya 0.50 mm, kwa hiyo pistoni zilinunuliwa kwanza na kupelekwa karakana pamoja na bloku. Mchongaji mzuri hukataa bloku iliyokuja peke yake, kwa sababu anachonga kufuata pistoni iliyo mkononi, sio namba iliyoandikwa kwenye boksi. Krenki ilipimwa kwa maikromita ikaonekana bado standadi, ikasuguliwa tu. Kama ingehitaji kusagwa, ingeshuka 0.25, 0.50 au zaidi, na kabla ya kusaga ungehakikisha kwanza beringi za saizi hiyo zipo dukani.

Hatua ninayoiheshimu kuliko zote haikuhitaji mashine. Bloku iliporudi ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, kila silinda ikasuguliwa kwa brashi na kufutwa kwa kitambaa cheupe mpaka kikatoka cheupe. Wengi hutumia petroli. Petroli huondoa mafuta lakini unga wa jiwe la kusagia hubaki kwenye mikwaruzo, na unga huo ni mchanga mwingine. Njia za oili ndani ya krenki nazo zilipitishwa brashi. Papo hapo vyote vikapakwa oili, kwani hewa ya Dar haichelewi kuleta kutu.

Ringi zilijaribiwa ndani ya silinda kabla ya kuvikwa pistoni, na pengo la ncha likapimwa kwa fila. Boliti za hedi zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya torki ya kuazima. Kabla ya kuwasha, dizeli ilizuiwa na injini ikazungushwa kwa starta mpaka taa ya oili ikazimika.

Hapa ndipo mimi hutofautiana na mafundi wengi wa mjini, wanaoiacha injini mpya kwenye sailensa mchana kutwa ili "izoee". Ringi za dizeli hukaa kwa kubanwa na presha ya kazi. Sailensa ndefu hung'arisha ukuta wa silinda na injini inaanza kula oili tena. Canter hii ilipewa mzigo mwepesi siku hiyo hiyo, kasi ikipandishwa na kushushwa. Kwenye kilomita 1,000 oili na filta vilibadilishwa, filta ya zamani ikakatwa kutafuta chembe za chuma, na klirensi za valvu zikarudiwa.

Ikisharudi kazini, rejeta haijazwi maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi huziba rejeta. Filta ya hewa hupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Na wakati wa masika, Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, dereva ana amri ya kusubiri. Maji hayabanwi kama hewa: yakiingia silinda, konrodi hupinda. Akikamatwa na maji hapigi starta. Anazima, na gari linavutwa hata kama oili kwenye kijiti haijageuka nyeupenyeupe.