Muziki wa Aliyeachwa

Yapo madai kwamba mtu aliyeachana na mpenzi wake asisikilize nyimbo za huzuni, kwani zitamzidishia majonzi. Sisi twaona kuwa jambo la msingi si huzuni wala furaha ya wimbo, bali ni yale ambayo maneno yake yanamwambia msikilizaji.

Tutazame Kasingirima, katika manispaa ya Kigoma-Ujiji. Kwa kuwa Kongo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, muziki wa Kilingala si mgeni huko. Mwaka 1985 Franco na bendi yake ya T.P. O.K. Jazz walitoa wimbo "Mario". Asiyejua Kilingala aliweza kuucheza kwa furaha, kumbe ni malalamiko ya mwanamke aliyechoka kumtunza kijana asiyetaka kujitegemea. Kijana wa namna hiyo, akiachwa, angeweza kujiliwaza kwa wimbo ule ule unaomsuta! Hata hivyo maana haikupotea: Kiswahili kimelipokea jina hilo, na "marioo" ni mwanamume anayetunzwa na mwanamke.

Hapa pana funzo. Midundo humtuliza aliyeumia, wala hatuidharau. Lakini maneno humfanya ajipime. Wimbo unaomlaani tu aliyeondoka humwacha msikilizaji pale pale alipo. Franco, ingawa mwanamume, aliusemea uchungu wa mwanamke; na wimbo unaotusikilizisha hoja ya mwenzetu ndio utufaao. Basi tusichague kwa sikio peke yake. Tuulize maana kwanza, ndipo tulie au tucheze.